Mungu Wangu Asiwe Mweusi

Ukikaa Marekani muda wa kutosha na wewe ni mweusi, kuna dua utaanza kuiomba bila kufundishwa na mtu. Habari inapita kwenye TV au kwenye simu, kuna mtu kapiga watu risasi dukani, au kuna mtu kafanya fujo kwenye ndege mpaka rubani kageuza, na kabla hujauliza wamekufa wangapi wala ni mji gani, moyo umeshasema: Mungu wangu asiwe mweusi. Alafu picha inatoka. Kama siyo mweusi unashusha pumzi, alafu unajishtukia, manake watu wamekufa na wewe hapo umepata nafuu. Kama ni mweusi basi kesho yake unaingia kazini kama vile mdogo wako ndo kafanya, unasubiri tu mtu akuulize huyu mlimleaje.

Nimeshawauliza watu wengi kuhusu hii dua. Wamarekani weusi, Wanaijeria, Wahaiti, Wakongo, Wasomali (hao wana dua mbili, ya pili ni asiwe Muislamu). Sijapata aliyeniambia haijui. Siku moja nikamuuliza mzungu mmoja wa kazini, tunaelewana, nikamwambia mzungu mwenzio akifanya mambo kama haya we unajisikiaje, akaniangalia kama nimeongea kichina, alafu akasema anasikitika kwa ajili ya familia za marehemu. Basi. Hakuna kingine. Na hilo ndo jibu la mtu mzima wa afya, ndivyo binadamu anavyotakiwa kusikia habari mbaya, na nilimuonea wivu kwelikweli.

Dua ni kipande kidogo tu, kilichobaki ni tabia. Mgahawani naacha bakshishi kubwa hata kama mhudumu alinitelekeza nusu saa, kwasababu kuna maneno yanazunguka kwamba weusi hawaachi bakshishi, na mimi nikiangalia uso wake wakati nakaa naona ameshakadiria, kwaiyo namlipa ili asipate ushahidi. Dukani mikono haiingii mfukoni na risiti haitupwi mpaka nifike kwenye gari. Ofisini nacheka kwa kipimo. Simu ya kazini naongea kwa sauti ambayo ndugu zangu wanaiita sauti ya mtangazaji. Na kuchelewa ndo usiseme, mwenzangu wa meza ya pili akichelewa dakika kumi ni foleni, mimi nikichelewa dakika kumi naona kabisa bara zima limechelewa na mimi. Hakuna aliyenituma haya. Hakuna barua niliyopewa. Ila nayafanya, na najua wengi mnaosoma hapa mnayafanya.

Sasa ingekuwa inalipa nisingelalamika. Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu, nashinda na hesabu, na hii hesabu nimeipiga kwa kila namna haikubali. Nikikosea mimi, deni linaandikwa kwa watu weusi wote. Nikipatia mimi, amana inaingia kwenye jina langu peke yangu. Ni akaunti ya pamoja inayopokea madeni tu. Sasa niambie utaijaza lini.

Mwangalie Marcus Rashford, yule mchezaji mweusi wa mpira wa England. Mwaka 2020 akiwa na miaka 22 aliisumbua serikali ya Uingereza kuhusu chakula cha watoto wa shule wa familia maskini mpaka mwezi Juni ikageuza uamuzi wake, na mwaka huohuo akapewa nishani ya MBE. Yaani hapo tunaongelea kijana ambaye kila mzazi mweusi angemuonyesha kidole watoto wake waige. Tarehe 11 Julai 2021, fainali ya Euro, Wembley, England na Italia 1-1, mikwaju ya penalti. Rashford akagonga mwamba. Jadon Sancho akadakwa. Bukayo Saka, mtoto wa miaka 19, akadakwa. Usiku huohuo simu zao zikajaa picha za nyani. Wale watoto waliokula kwasababu yake, ile nishani, hakuna kitu kilichowekwa kwenye mzani hata dakika moja. Italia nao walikosa mbili siku ile, Belotti na Jorginho, na mpaka leo sijasikia mtu akiuliza hiyo inatuambia nini kuhusu watu weupe.

Romelu Lukaku aliliandika hili mwaka 2018 vizuri kuliko mimi, kwamba mambo yakienda vizuri magazeti yanamwita mshambuliaji wa Ubelgiji, yakienda vibaya anakuwa mshambuliaji wa Ubelgiji mwenye asili ya Kongo. Ni nyongeza ya maneno machache tu lakini ndo mfumo mzima huo umekaa hapo.

Na kuna ile ya Mamoudou Gassama, mnaikumbuka, Mei 2018, Paris, kijana wa Mali hana makaratasi, kaona mtoto ananing'inia kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne akapanda jengo kwa nje kwa mikono mitupu mpaka akamfikia. Baada ya siku mbili yuko ikulu na Rais Macron, mwezi Septemba mwaka huo akawa raia wa Ufaransa, na nafasi ya kufanya kazi na zimamoto akapewa. Mimi ile video niliituma kwenye kila grupu nililonalo, nilijisikia kama nimepanda mimi. Baada ya muda ndo nikaanza kuwaza vingine. Maelfu ya wenzake wanaosha vyombo, wanabeba zege, wanalea wazee wa watu, wanalipa kodi ya nyumba kwa wakati, na hayo yote hayatoshi kupewa karatasi. Kinachotosha ni kupanda ghorofa nne bila ngazi huku dunia inakurekodi. Sasa yule ambaye ni mtu mzuri tu wa kawaida, muoga wa vitu virefu, yeye atoe nini?

Kwa sisi tuliotoka Afrika kuna chumvi nyingine juu ya kidonda, na hii inakuja imevaa nguo ya sifa. "Wewe siyo kama wao." Wanaipenda sana. Unaambiwa nyie Waafrika ni wachapakazi, mna adabu, mnathamini shule, siyo kama hawa wa hapa. Na anayekwambia anatabasamu, anadhani amekupa zawadi, na nisidanganye, mara ya kwanza unaweza ukaipokea hiyo zawadi, inapendeza kusikia, umetoka mbali umeteseka na mtu anaona bidii yako. Lakini itazame vizuri. Umefanya kila kitu sawasawa, umewahi, umevaa, umesema "tafadhali" na "asante", na faida yote ya hiyo kazi imetumika kuwapiga weusi wengine nayo kichwani. Hukuwawakilisha. Umetolewa kwenye kundi ili kundi libaki lilivyokuwa kwenye kichwa chake.

Na hao weusi wa hapa ndo waliotufungulia mlango, hili watu wetu wengi wanaokuja hawalijui au wanalisahau wakishapata gari. Sheria ya haki za kiraia ni ya 1964, imepatikana kwa watu kupigwa, kung'atwa na mbwa wa polisi na kufa. Sheria ya uhamiaji iliyoondoa ule utaratibu wa kupendelea watu wa Ulaya ni ya 1965, mwaka mmoja tu baadae, na ndo iliyoruhusu watu kama mimi kuja kwa wingi. Hata kabla ya hapo, kuanzia 1959 Tom Mboya wa Kenya alipoanza kuwapeleka wanafunzi wa Afrika Mashariki kusoma Marekani kwa ndege, barua ya kuomba michango iliwekwa saini na Jackie Robinson mchezaji wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji na Sidney Poitier mwigizaji. Wamarekani weusi watatu. Wangari Maathai aliondoka kwa mpango huohuo, 1960, akaenda kusoma Kansas. Kwaiyo mtu akiniambia siyo kama wao siku hizi namuuliza "wao kina nani?" na nanyamaza, naacha swali likae hapo mezani lipoe. Wengi wanaanza kuongelea hali ya hewa.

Huyo Robinson mwenyewe ndo baba wa hili jambo. Aliingia ligi kuu ya besiboli tarehe 15 Aprili 1947, mweusi wa kwanza kuicheza karne ile, na kabla ya hapo bosi wa timu, Branch Rickey, alimweka kitako akamtukana makusudi kumjaribu, akamwambia anatafuta mchezaji mwenye ujasiri wa kutorudisha ngumi. Na Robinson alikuwa na hasira zake za halali, jeshini alishafikishwa mahakama ya kijeshi 1944 kwasababu aligoma kwenda kukaa nyuma kwenye basi, akashinda kesi. Mtu wa namna hiyo akakubali kumeza. Watu wanaisimulia kama hadithi ya uvumilivu, mimi kila nikiisikia nawaza tu kuhusu yale maneno aliyomeza, yalienda wapi. Amefariki 1972 ana miaka 53.

Wataalamu wameshalipima hili. Rosabeth Moss Kanter mwaka 1977 aliandika kuhusu kampuni moja kubwa ambako wanawake walikuwa wachache mno kwenye kitengo cha mauzo, akaonyesha kwamba kundi likiwa chini ya kama asilimia 15 hivi, wale wachache wanaonekana kupita kiasi, kila wanachofanya kinachukuliwa ni tabia ya aina yao, kosa lao halisahauliki na kazi yao nzuri haionekani. Yeye alikuwa anaongelea wanawake, ila mweusi wa kwenye ofisi ya watu weupe akiisoma atadhani ameandikiwa yeye. Alafu 1995 Claude Steele na Joshua Aronson wakawapa wanafunzi wa Stanford mtihani mgumu wa lugha. Walioambiwa mtihani huu unapima akili, weusi wakafanya vibaya kuliko weupe wenye uwezo kama wao. Walioambiwa ni zoezi tu la maabara, pengo likapungua. Maswali yaleyale. Tafiti za baadae zimebishana sana kuhusu ukubwa wa hiyo athari, sawa, wabishane, mimi najua ninachokiona kwenye kikao. Mtu mmoja kichwa kimoja, lakini nusu ya kichwa inafanya kazi na nusu nyingine imekaa pembeni inamtazama anavyofanya kazi. Wenzangu wanatumia kichwa kizima. Nikitaka kuuliza swali naligeuza mara tatu kwanza, hivi hili siyo swali la kijinga, na nikimaliza kuligeuza kikao kimeshahamia ajenda nyingine na mwenzangu ameshauliza swali la kijinga kuliko langu na watu wamemjibu vizuri tu.

Sasa wacha niongelee 2020.

George Floyd aliuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei. Ilikuwa kipindi cha korona, tunafanya kazi nyumbani, na ndani ya siku chache simu yangu ikaanza kupokea meseji kutoka kwa watu ambao hatujawahi kuongea zaidi ya "mbona makato yangu yamebadilika". Uko salama? Nakuwaza. Pole sana. Mmoja akaniandikia barua pepe ndefu kuhusu yaya mweusi aliyemlea utotoni. Mimi hapo naangalia orodha ya mishahara inatakiwa iende benki na nimekaa nalia, si kwa ajili ya meseji, nalia kwa ajili ya yule baba anayemwita mama yake, na kila dakika mbili simu inatoa mlio, mtu mwingine anataka nimjibu kwamba yeye ni mtu mzuri. Manake ndo kilichokuwa kinaombwa pale. Walikuwa na huzuni kweli siwakatalii, ila huzuni ilikuwa inakuja kwangu kutafuta stempu.

Alafu meneja akapiga. Wameamua kufanya kikao cha kampuni nzima kuhusu ubaguzi, na je ningependa kuongoza mazungumzo? Mtu wa mishahara. Nimekulia kwenye nchi ambayo kila mtu niliyemjua alikuwa mweusi, kuanzia mwalimu hadi mwizi hadi polisi hadi rais, polisi wa Marekani amenisimamisha barabarani lakini sina babu aliyenyongwa kwenye mti na sina baba aliyekataliwa mkopo wa nyumba kwasababu ya mtaa aliokaa, na mimi ndo natakiwa kuja kueleza miaka mia nne. Nikasema ndiyo. Sijui mnaelewa, meneja wako akikuuliza kwa sauti ile ya upole kuna "hapana" gani unaweza kuisema.

Siku ya kikao nyuso zimejaa kwenye Zoom kurasa na kurasa. Nikaongea. Niliongea vizuri mno, nilikuwa mpole, nikaweka na kitu kidogo cha kuchekesha katikati ili watu wasiogope, nikawapa na matumaini mwishoni. Dada mmoja akalia, nikambembeleza. Mimi ndo nikambembeleza! Wakanishukuru, wakaniambia naongea vizuri (Kiingereza bado kinawashangaza), na baada ya mwezi kipeperushi kipya cha kampuni kikatoka na mimi nipo mbele kabisa, wakati kwenye ile picha ya asili nilikuwa nimesimama pembeni, sijui walikata vipi.

Jioni ya siku ile nikapata meseji moja ya tofauti. Ni mama mmoja wa idara nyingine, Mmarekani mweusi, yuko pale tangu mimi niko shule. Akaniandikia: mwanangu, walinifuata mimi kwanza, nikakataa. Nikamuuliza kwanini. Akajibu, "Nilishawaeleza mwaka 1992, baada ya ile hukumu iliyowaachia polisi waliompiga Rodney King. Walikuwa wanalia vilevile. Sirudii." Hakunilaumu, hakuniambia nimefanya vibaya, ila kuna kitu nilikiona siku ile, kwamba yule mama ana haki ya kusema hiyo historia kuliko mimi mara mia na ndo aliyekataa, na mimi nilichaguliwa hasa kwasababu nilikuwa rahisi kusikilizwa. Huzuni yangu ilikuwa haimtaji baba wa mtu yeyote aliyekuwa kwenye kile kikao.

Tusijifanye kwamba hii presha inatoka upande mmoja tu. Watu wetu wenyewe ni wakali. Tangu 1903, W.E.B. Du Bois alipoandika kwamba watu weusi wataokolewa na watu wao wa pekee, ile sehemu moja ya kumi yenye vipaji, tumekuwa na mitihani yetu ya ndani, na waliofeli tumewaficha. Claudette Colvin alikuwa na miaka 15 tu alipogoma kumpisha mzungu kwenye basi la Montgomery, tarehe 2 Machi 1955, miezi tisa kabla ya Rosa Parks, yule aliyekuja kupata jina kwa kugoma vilevile. Viongozi wakamwangalia wakaona huyu hafai kuwa sura ya mapambano, ni mtoto, mweusi tii, wa familia ya chini, na baadae akapata ujauzito. Wakangoja apatikane mwingine. Na kesi iliyokuja kuua ubaguzi kwenye yale mabasi, mwaka 1956, Colvin alikuwa mmoja wa walalamikaji wake. Najua hoja ya viongozi, ilikuwa na mantiki, magazeti yangemla mzima yule binti. Bado inanikera.

Anayenisumbua zaidi lakini ni Hattie McDaniel. Tarehe 29 Februari 1940, Los Angeles, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kuigiza mtumishi wa ndani katika Gone with the Wind. Hoteli yenyewe ilikuwa haipokei weusi, ikabidi aombewe ruhusa maalum, na akawekwa kwenye meza ndogo ukutani mbali na wenzake aliocheza nao. Akainuka, akapokea, na kwenye hotuba yake fupi akasema anatumaini daima atakuwa sifa njema kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu. Fikiria. Umeshinda wewe, umekalishwa ukutani wewe, na dakika yako moja ya duniani unaitumia kutoa ahadi kwamba hutatuaibisha. Na sisi tukamjibu nini? NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, ikamsema miaka yote iliyofuata kwamba anaigiza majakazi na anatudhalilisha. Hollywood haikumpa nafasi nyingine tofauti na hiyo, sisi tukamlaumu kwa kuichukua. Alipofariki 1952 aliacha ombi azikwe kwenye makaburi ya Hollywood, wakamkatalia, yalikuwa ya weupe. Wale aliowaahidi sifa njema walimtaka awe mtu mwingine, na wale aliowafanyia kazi hawakumtaka hata akiwa maiti.

Nikifika hapa huwa natamani kusema basi tuache yote, kila mtu awe mtu wake. Lakini nani anaweza? Usiku ule wa Novemba 2008 Obama alivyoshinda mlikuwa wapi? Kenya ilitangaza sikukuu ya taifa, tarehe 6, watu hawakwenda kazini kwasababu mtu ameshinda uchaguzi kwenye nchi ya watu. Hakuna aliyesema siku ile kwamba Obama ni Obama na mimi ni mimi. Tulishinda wote. Lewis Hamilton akichukua ubingwa nashinda, na gari lenyewe la mbio sijui hata linavyopandwa. Hiyo furaha ni ya kweli na siitaki niipoteze, ila ukishaipokea furaha ya mtu usiyemjua umeshakubali kwamba mnahusiana, na hapo mlango uko wazi, aibu yake nayo itaingia. Na sisi wenyewe tunavyoongelea Wanaijeria mmoja akikamatwa na utapeli, au Wasomali, au Wahindi, jamani. Kwenye magrupu yetu kuna watu wanaohitaji kusoma komenti zao wenyewe kwa sauti.

Kwaiyo mimi msimamo wangu siku hizi ni mdogo tu. Naacha bakshishi inayolingana na huduma. Nikiulizwa Waafrika wanaonaje jambo fulani nasema sijui, waulizeni, wako zaidi ya bilioni moja. Nikialikwa kuongea kuhusu rangi nauliza inalipwa shilingi ngapi, yaani dola, na ajabu ni kwamba tangu nianze kuuliza mialiko imepungua sana. Kazi naifanya vizuri kwasababu napenda mishahara ya watu itoke sawa, siyo kwa niaba ya mtu. Nilidhani nimelimaliza hili jambo na nikaanza kuwahubiria wengine.

Ndo nikamhubiria mpwa wangu. Amezaliwa hukuhuku, yuko mwaka wa kwanza chuo, anataka udaktari, na kwenye kundi lake la maabara ya kemia mweusi ni yeye peke yake. Akapata C kwenye mtihani akanipigia analia. Nikamwambia mama, C ni C, haihusu watu weusi, umefeli kidogo wewe tu, soma urudie. Nikamwelezea na hesabu yangu ya ile akaunti, nilijiona nimeongea la maana.

Akanisikiliza mpaka mwisho, ni mtoto ana adabu. Alafu akasema, "Anko, wewe umekuwa mtu wa kawaida miaka ishirini kabla hujaja huku. Darasani kwenu wa kwanza alikuwa mweusi na wa mwisho alikuwa mweusi. Unajua inavyokuwa, ndo maana unaweza kuirudia. Mimi sijawahi hata siku moja."

Sikuwa na la kusema. Nikamuuliza kama ameenda kumuona mwalimu wake, akasema hawezi, akienda kuomba msaada si ndo atathibitisha. Anasoma peke yake chumbani usiku, wenzake wanasoma pamoja maktaba na hajui kama walimwalika au hawakumwalika. Hapo angalau nilikuwa na kitu cha kumpa. Kuna mwalimu wa hesabu, Uri Treisman, miaka ya sabini alikuwa chuo cha Berkeley akashangaa kwanini wanafunzi weusi waliofika pale na alama nzuri wanaanguka kwenye kalkulasi, akaenda kuwaangalia wanavyoishi, akakuta wanasoma sana lakini kila mtu peke yake, wakati wanafunzi wenye asili ya China wanasoma kwa makundi, wanasahihishana, wanachekana. Hakuwaletea masomo ya ziada ya walioshindwa. Aliwaweka pamoja akawapa maswali magumu zaidi, na matokeo yakapanda sana.

Nilimtumia hiyo habari usiku uleule. Akanijibu kesho yake mchana kwamba ameisoma, na kwamba kuna binti Mhaiti kwenye kundi jingine la maabara ambaye huwa wanaangaliana tu kwa mbali, amemwandikia, wameshikilia meza maktaba kila Jumapili na Jumatano. Kwa mwalimu bado hajaenda. Anasema ataenda akiwa na maswali mazuri, nikamwambia nenda na mabaya, akaniwekea ule uso wa kugeuza macho, na ndo tumefika hapo.